Redio ya gari inajizima-zima: jinsi ya kutafuta tatizo mwenyewe hadi ulipate

Redio ikianza kujizima watu wengi wanakimbilia kununua nyingine, inafungwa, wanafurahi siku mbili tatu alafu mchezo unarudi uleule. Mara nyingi redio ni nzima kabisa, shida ni umeme haufiki vizuri, au unafika ila unakatika njiani, na hilo redio mpya haiwezi kulitibu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela tafuta kwanza umeme unapotelea wapi, na hiyo kazi unaweza kuifanya mwenyewe Jumapili hapo nyumbani.

Naandika nikiwa na gari za Kijapani kichwani, IST, Vitz, Probox, Noah, ndo zimejaa huku kwetu, ila kanuni ni ileile hata ukiwa na gari nyingine yoyote ya volti 12. Lori na Coaster za volti 24 nitazigusa baadaye kidogo.

Vifaa: multimita ya digitali (ya bei ya chini inatosha), soketi namba 10, bisibisi ya nyota, kitu cha plastiki cha kubandulia pano za deshibodi, waya mita tatu hivi, kishikio cha fyuzi chenye fyuzi ya ampia 10, na balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa vipande viwili vya waya. Hiyo balbu usiidharau, utaona kazi yake mbele.

Kwanza jiulize inazima LINI

Usishike spana bado. Endesha gari kama kawaida siku moja au mbili na uangalie redio inazima wakati gani hasa, maana muda wa kuzima ndo unakuambia uanzie waya gani. Fundi akikurukia na bisibisi kabla hajakuuliza hili swali, ujue anabahatisha.

Ukipiga stati redio inakata alafu inarudi gari likishawaka: hiyo ni kawaida, sio ugonjwa. Funguo ikifika kwenye START gari linakata umeme wa ACC (ule wa redio na soketi ya sigara, funguo ikiwa hatua ya kwanza) makusudi ili nguvu yote iende kwenye stata. Ila kama ikirudi saa imefutika na stesheni zimepotea, hapo kuna neno, ama waya wa kumbukumbu haupo sawa ama betri imechoka kiasi kwamba stata ikivuta volti zinaanguka hadi redio inasahau kila kitu.

Inazima kwenye matuta na barabara mbovu, inarudi yenyewe: kuna kiungo kimelegea, na mara nyingi ni nyuma ya redio penyewe. Inazima ukigusa funguo au rundo la funguo likiyumba, hiyo swichi ya funguo imeliwa ndani. Inazima ukiongeza sauti au besi ikipiga, basi ama umeme unapita kwenye waya mwembamba au kiungo kibovu, ama spika zina shoti. Ukifungua na kufunga mlango ndo inakata, nenda moja kwa moja kwenye waya za spika zinazopita kwenye bawaba za mlango. Na kama inapiga vizuri nusu saa alafu inazima, ukiiacha ipoe inarudi, hilo ni joto, sababu zake tutaziona kwenye spika.

Kuna hii nyingine inachanganya sana watu, redio inayozima usiku tu. Niliwahi kuikuta kwenye Noah moja, mchana inapiga vizuri tu, ikifika saa moja jioni jamaa akiwasha taa redio inafifia na kukata, akizima taa inarudi. Alishaambiwa alteneta ni mbovu. Kumbe aliyefunga redio alichukua ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) kwenye ule waya wa hasi wa taa za deshibodi, ambao unapitia kile kiduara cha kupunguza mwanga. Mchana waya ule hauna kazi nyingi kwa hiyo redio inajisaidia humo, usiku taa zikiwaka wanagombania njia moja. Tulihamishia ethi kwenye chuma cha bodi, ikawa imeisha, hakuna kilichonunuliwa.

Waya tatu za kuzijua

Redio ina waya nyingi ila zinazoiweka hai ni tatu. Kwenye redio nyingi za dukani njano ni umeme wa kudumu toka betri, huu unatunza saa na stesheni na ndo unaobeba mzigo mkubwa wa sauti. Nyekundu ni ACC, kazi yake ni kuiambia redio "amka, funguo imewashwa". Nyeusi ni ethi.

Sasa upande wa gari rangi ni tofauti. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 bluu yenye mstari wa njano ndo ya kudumu, kijivu ni ACC, na kahawia ni ethi. Lakini hizi gari zimepita mikono mingi, usiamini rangi, amini mita. Funguo ikiwa imetolewa kabisa, waya unaosoma volti 12 ndo wa kudumu, ule unaosoma 12 ukishaweka ACC tu ndo wa nyekundu.

Hapo unaweza kugundua kosa la kawaida kabisa, njano na nyekundu zimegeuzwa. Redio itapiga kama kawaida lakini kila ukizima gari inasahau kila kitu, na besi ikipanda inakata kwa sababu mzigo wote umepitishwa kwenye njia ya ACC. Wengine wanaziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, hapo redio haizimi funguo ikitoka na asubuhi betri iko chini.

Betri na alteneta

Hapa usikae sana. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima kwenye vichwa vya betri: 12.6 imejaa, 12.4 bado nzuri, 12.2 iko nusu, ikisoma 12.0 au chini hiyo imekaribia kuisha. Washa gari, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikiwa chini ya 13 ukiwa umewasha taa na AC, alteneta au mkanda una shida. Ikipita 15 regureta (kinachodhibiti volti za alteneta) imekufa, na redio nyingi zikiona volti zimezidi zinajizima zenyewe kujilinda. Vitabu vya redio vinaandika kiwango chake, nyingi zinavumilia kuanzia 10.5 au 11 hadi 15 au 16.

Mpe mtu apige stati huku unatazama mita. Ikianguka chini ya 9.6 betri imechoka hata kama gari linawaka.

Angalia na vichwa vyenyewe, kama kuna unga mweupe au wa kijani osha kwa maji ya moto na magadi soda, sugua kwa brashi, kausha, kaza. Ukifungua anza na hasi, ukirudisha malizia na hasi. Tahadhari moja: kama gari lako lina redio ya navigesheni iliyokuja nayo toka Japani, kutoa betri kunaweza kuifanya ijifunge na kudai namba yake ya siri au kadi yake ya SD. Kama huna hivyo vitu usitoe betri hovyo.

Fyuzi

Kuna fyuzi sehemu mbili, nyuma ya redio (ampia 10 nyekundu au 15 bluu) na kwenye boksi la fyuzi la gari. Kwenye Toyota tafuta zilizoandikwa RAD, ACC, CIG na DOME kwenye kifuniko. Hiyo DOME watu wengi hawaijui, kwenye gari nyingi ndo inalisha taa ya ndani pamoja na kumbukumbu ya redio, kwa hiyo kama taa ya juu haiwaki na redio inasahau stesheni, umeshapata jibu bila kufungua deshibodi. Na kama soketi ya sigara nayo imekufa sambamba na redio, angalia ACC na CIG.

Fyuzi usiitazame kwa macho tu, ipime mlio kwenye mita (ikilia haijakatika), alafu tazama miguu yake. Mguu uliobadilika rangi ukawa kama umeungua maana yake haushiki vizuri kwenye boksi, inapata moto, inakata, ikipoa inashika tena. Iliyokatika weka ya ampia ileile. Kuna watu wanafunga uzi wa waya au karatasi ya sigara, hiyo ni kutafuta moto ndani ya deshibodi, na fyuzi ikikatika tena na tena ujue kuna shoti, itafute.

Kutoa redio

Zima gari, toa funguo. Bandua pano inayozunguka redio taratibu kwa plastiki, usitumie bisibisi tupu itaacha makovu. Pano ikilegea usiivute kwa nguvu, nyuma kuna soketi ya hazadi (taa za hatari) na wakati mwingine ya AC, bonyeza kilimi chake uchomoe. Redio imeshikwa na bolti za namba 10, kawaida nne. Ukikutana na soketi za plastiki ya njano au waya uliovikwa ganda la njano, hizo ni za eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), usizipime na usizichokoe kabisa.

Vuta redio nje huku imeunganishwa bado. Sasa hapo nyuma ndo utaona maajabu. Soketi ya kiwandani imekatwa, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, joto limeyeyusha gundi ya tepu imekuwa ute mweusi, ukiigusa inateleza na waya unatoka nao. Nyaya nyembamba zimebaki mbili tatu kati ya ishirini. Kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, ongeza na hewa ya chumvi, shaba inageuka kijani hadi ndani ya ganda.

Katikati ya huo msitu tafuta kiboksi kidogo kwenye njia ya antena, kile cha kubadilisha masafa ya FM. Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM yao iliyokuwa inaanzia 76 hadi 90, huku kwetu stesheni ziko 88 hadi 108, kwa hiyo karibu kila gari lililobaki na redio yake ya Kijapani limefungwa hicho kidude. Na kinahitaji umeme, unachukuliwa kwenye waya wa ACC wa redio kwa kuchubua na kusokota juu juu. Nakwambia hicho kiungo kina kesi nyingi sana, kikilegea hakiharibu FM peke yake, kinaipokonya redio ACC yote. Na watu wakibadilisha redio wanakiacha kinaning'inia humo humo wakati hakina kazi tena. Kama redio yako mpya inashika hadi 108 yenyewe, kitoe na uunge waya wa ACC upya.

Pima ikiwa inafanya kazi

Hapa ndo wengi wanapotelea. Waya uliobaki na uzi mmoja bado utasoma volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti kitu. Ukiupa mzigo ndo utaona aibu yake. Kwa hiyo chomoa soketi ya redio, chukua ile balbu ya wati 21, ncha moja kwenye waya wa kudumu, nyingine kwenye ethi ya soketi hiyohiyo. Balbu inavuta karibu ampia 1.75. Iwake kwa nguvu, na mita ikiwa sambamba nayo isome karibu sawa na betri, tofauti isizidi nusu volti. Ikiwa betri inasema 12.5 na hapa unaona 10, umemkamata mwizi. Tikisa waya huku unatazama balbu, ikipepesa hapo hapo ndo penyewe.

Sasa tenganisha chanya na ethi. Balbu ikiwa bado inawaka, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa redio na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri (utahitaji waya mrefu). Isome 0.1, ikifika 0.2 anza kuitilia shaka, zaidi ya hapo ethi ni mbovu. Usihangaike kuitafuta ilikokatikia, funga mpya: chagua bolti iliyoingia kwenye chuma nene nyuma ya deshibodi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka kichwa cha duara, kaza. Kuna mafundi wanategemea bati la redio lenyewe liguse chuma, hilo likitikisika na wewe mziki umekatika.

ACC nayo ipime, ila hapa mzigo ni mdogo. Weka funguo kwenye ACC, mita kwenye waya wa nyekundu, chezesha funguo kulia kushoto bila kuigeuza. Namba zikirukaruka ni swichi ya funguo. Kwenye Toyota nyingi ile sehemu ya umeme ya swichi inauzwa peke yake na inafungwa kwa skurubu mbili nyuma ya silinda ya funguo, usikubali kubadilishiwa silinda nzima na funguo mpya. Kwa gari za kubonyeza kitufe angalia relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya ACC.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wote. Chukua njano na nyekundu za redio uziunganishe pamoja, zipeleke moja kwa moja kwenye chanya ya betri kupitia ile fyuzi ya ampia 10, nyeusi peleka kwenye hasi ya betri. Piga mziki nusu saa. Kama haizimi, redio nzima, shida ni waya za gari. Kama bado inazima hata ukichomoa spika, basi redio yenyewe inaumwa. Kabla hujaitupa lakini, kama ni ile ya uso unaotoka, safisha vile vijiti vya mgusano kwa spiriti na kitambaa, uchafu pale unaweza kufanya yote haya.

Spika

Redio ikiona shoti kwenye spika inajilinda kwa kuzima, nyingine zinaandika PROTECT au AMP ERROR kwenye kioo, nyingine zinakata kimya. Chomoa waya zote za spika uiache iwake bila sauti. Ikitulia, rudisha spika moja moja hadi uipate inayoizima. Kwenye redio za dukani nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, zenye mstari mweusi ni hasi. Hasi ya spika isiguse bodi ya gari hata siku moja. Pahala pa kwanza kutazama ni mpira unaopitisha waya mlangoni, miaka mingi ya kufungua na kufunga inachuna ganda hadi shaba inagusa bati.

Pia angalia omu, yaani ukinzani wa spika, umeandikwa mgongoni mwake. Redio nyingi zinataka omu 4 kwa kila njia, ukiunga spika mbili za omu 4 pamoja kwenye njia moja zinakuwa omu 2, redio inapata moto na kuzima baada ya muda. Na yale maandishi ya 50W x 4 usoni msiyaamini sana jamani, fyuzi ya ampia 10 kwa volti 14.4 ni wati 144 tu, hizo 200 zinatoka wapi? Kwa sauti ya kuendelea nyingi zina wati kati ya 14 na 22 kwa kila spika. Ukitaka zaidi ya hapo nunua amplifaya.

Ukiwa na amplifaya

Tofautisha kwanza kinachozima ni redio au amplifaya. Kama kioo cha redio kinabaki kimewaka na mziki umekata, ni amplifaya. Hapo pima volti kwenye vichwa vyake wakati besi inapiga, zikishuka hadi 11 au 10 waya ni mwembamba au ni ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba, inauzwa rahisi na kwa macho huwezi kuijua hadi uikwangue. Fyuzi yake kubwa iwe karibu na betri, sentimita 45 isizidi.

Ule waya wa bluu wenye mstari mweupe wa redio ni wa kuiamsha amplifaya tu, unatoa kama milliampia 300. Wengine wanauchomekea taa za urembo, feni na relei mbili, redio inashindwa, inajizima. Mzigo kama huo uwekee relei yake.

Android na gari za volti 24

Redio za Android zina tabia yake. Ukizima gari hazizimi kabisa, zinalala, na hicho kinachonyonywa kikizidi betri inakwisha. Pima kwa mita iliyowekwa kwenye ampia, katikati ya hasi ya betri na waya wake, milango imefungwa, subiri nusu saa, usiwashe gari. Chini ya milliampia 50 ni sawa. Ukikuta 300, hiyo ni 7.2Ah (ampia-saa) kwa siku, betri ndogo ya 35Ah siku tatu imeshapoteza zaidi ya nusu. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuchagua ilale muda gani kabla ya kuzima kabisa, ipunguze. Ikiwa inajiwasha upya katikati ya safari wakati umeme umeupima uko safi, rudisha setingi za kiwandani kwanza.

Kwenye lori na Coaster usifunge redio ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inapiga ndio, ila betri hiyo inanyonywa peke yake wakati zinachajiwa pamoja, moja inabaki na njaa nyingine inazidishiwa, mwisho zote zinakufa. Funga konveta ya 24 kwenda 12 yenye ampia za kutosha, na kama inazima baada ya muda ishike kwa mkono, ikiwa ya moto sana ni ndogo kwa mzigo wako.

Kuunga na kurudisha

Viungo vyote ulivyovikuta na tepu vikate upya hadi shaba inayong'aa, choma risasi au bana kwa koleo lake, vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Bora zaidi nunua soketi ya kubadilisha, upande mmoja inaingia kwenye gari mwingine kwenye redio, zipo Kariakoo na hazina bei mbaya, gari linabaki na waya zake. Funga waya kwa vibana vya plastiki zisilalie mgongo wa redio, matundu ya hewa yapumue.

Pano usirudishe bado. Ibane redio kwa bolti mbili tu, toka nayo kwenye barabara yenye matuta, sauti juu, taa zimewashwa, AC imewashwa, indiketa zinapiga. Fungua na funga kila mlango. Zima gari, subiri dakika tano, washa uone kama saa ipo. Ikipita hapo ndo urudishe bolti zilizobaki, chomeka soketi ya hazadi (wengi wanaisahau, wanabandua tena), alafu bonyeza pano mahali pake.